Tunda, Simulizi au Zamu: Njia Tatu za Kufundisha Tabia ya Kikristo Nyumbani, Zanzibar

Ikifika saa kumi za alasiri, watoto wa mtaani kwetu Tomondo hupita mbele ya baraza yetu na juzuu zao mkononi wakielekea chuoni kusoma Kurani, na kwa zaidi ya saa nzima kelele za mchezo huzima. Mtoto wetu wa kati, alipokuwa na miaka sita, aliwatazama siku moja mpaka wa mwisho wao alipokata kona, kisha akaingia ndani akauliza: "Mama, na mimi chuo changu kiko wapi?" Swali hilo ndilo lililotufanya mimi na baba yao tuitenge saa hiyo hiyo iwe saa ya darasa la nyumbani, na tangu hapo tumepitia njia tatu tofauti za kufundisha tabia ya Kikristo. Wazazi wenzangu kanisani huniuliza waanze na ipi. Nimeona niziweke zote tatu pamoja na kuzipima kwa vigezo vilevile, ili kila mmoja aangalie nyumba yake na kuchagua.

Ninaposema darasa la nyumbani nawakusudia wazazi wa aina mbili. Wapo wachache wanaofundisha masomo yote nyumbani, nao nawasihi waulize mapema katika ofisi ya elimu ya wilaya yao habari za usajili na mitihani, kabla mtoto hajafika darasa ambalo makosa ya karatasi yatamgharimu. Wengi wetu ni wale ambao watoto wanakwenda skuli, asubuhi au mchana kwa zamu, na jukumu la imani limebaki kwa mzazi na kanisa la Jumapili. Yanayofuata yanawahusu wote wawili.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni maandalizi na gharama, maana njia nzuri isiyoweza kuvuka wiki ya uchovu haitamfikia mtoto. Cha pili ni umri. Cha tatu ni namna njia yenyewe inavyomfikisha mtoto kwenye Neno. Cha nne ni dalili, yaani mzazi atajuaje kwamba kuna kitu kinaota. Cha tano ni mtaa: inakaaje na maisha ya hapa, ambapo jirani wa kulia na wa kushoto ni Waislamu.

Kigezo cha tatu kinahitaji maneno zaidi. Zanzibar adabu haijapungua. Mtoto wa jirani yangu huamkia wakubwa, hupokea kwa mkono wa kulia, hainui sauti mbele ya mzee, na hakuyapata hayo kwetu. Kwa hiyo mzazi Mkristo akiridhika kwamba mwanawe ana adabu, amempa kitu chema ambacho mtaa mzima ungempa. Tunachotafuta zaidi ya hapo ni mtoto ajue kwamba upole wake una shina, kwamba anasamehe kwa sababu yeye mwenyewe amesamehewa, na kwamba akianguka ana wa kumkimbilia. Njia isiyofika hapo haijawa ya Kikristo bado, hata kama mtoto anasifiwa na kila mtu.

Njia ya kwanza: tunda la Roho, sifa moja kwa mwezi

Hii ndiyo njia inayojulikana zaidi. Mzazi huchukua Wagalatia 5:22-23, ambapo zimetajwa upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi, na kila mwezi hushika sifa moja. Kwa kuwa sifa ni tisa, mwaka unaoanza Januari hubakiza miezi mitatu ya marudio. Wengine hutumia mlolongo wa 2 Petro 1:5-7, ambao unaanzia kwenye imani na kuishia kwenye upendo, nao una faida ya kuonyesha kwamba jambo moja hujengwa juu ya jingine.

*Maandalizi na gharama.* Ni nyepesi. Daftari moja, mstari wa kukariri, swali moja kwa wiki. Mama anayerudi kutoka kazini saa tisa anaweza kuimudu bila kulala usiku wa manane akitayarisha.

*Umri.* Inawafaa zaidi wa miaka sita hadi kumi na moja. Wadogo kuliko hapo hukariri maneno bila kuyaelewa. Neno *kiasi* ni mfano: kwa mtoto wa Unguja kiasi ni kipimo cha dukani, na wa kwangu aliposikia mara ya kwanza aliuliza, "Kiasi gani?" Ikanibidi nimweleze kwa sahani ya kaimati: kuacha tatu kwa ajili ya dada yake, ilhali mkono unataka zote, ndiko kuwa na kiasi.

*Neno.* Mstari upo mbele ya macho kila siku, na hilo ni jema. Hatari yake iko katika kukata. Mtume aliandika *tunda*, kwa umoja, wala hakuandika matunda, na mtoto anayepewa uvumilivu mwezi wa nne na upole mwezi wa nane anaweza kudhani ni nishani za kukusanya moja moja. Kila nilipoanza mwezi mpya nilijifunza kurudi Yohana 15, kwenye mzabibu na matawi, ili asisahau tunda linatoka wapi.

*Dalili.* Hapa nilikosea, na napenda wengine wasirudie. Tulibandika chati ukutani, na kila tendo jema likapewa nyota ya karatasi. Mwezi wa uaminifu nyota za mmoja wa watoto zilizidi hesabu yangu. Nilipomwuliza, akasema nilimpa mimi jana, huku gundi ikiwa bado haijakauka kwenye kidole chake cha shahada. Alikuwa amesema uongo ili apate nyota ya ukweli. Nilikaa naye kitandani muda mrefu, tukaomba pamoja, na kesho yake chati nikaitoa mimi kwa mkono wangu, kwa kuwa mtego niliutega mimi. Tangu hapo kipimo chetu kimekuwa cha sala ya jioni: kila mtu, pamoja na sisi wazazi, anataja jambo moja aliloshindwa katika sifa ya mwezi ule. Mtoto anayeweza kusema "leo nilikosa upole kwa mdogo wangu" amefika mbali kuliko mwenye nyota ishirini.

*Mtaa.* Inakaa vizuri, na mzazi mwangalifu anaweza kuipanga kwa busara zaidi. Ramadhani husogea nyuma takribani siku 11 kila mwaka wa kalenda yetu, kwa hiyo ninapoandika ratiba ya mwaka huangalia kwanza Ramadhani itaangukia wapi, na mwezi huo naupa kiasi. Mtoto wa Kikristo aliyefundishwa kutokula barabarani mchana kwa kuwaheshimu wenzake wanaofunga anajifunza sifa hiyo mtaani kwake, mbele ya watu anaowajua. Hata maneno ya Kiswahili yanasaidia: chuoni wenzake wanafundishwa subira, naye katika 2 Petro anakuta saburi, na maneno hayo ni ndugu.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye watoto wengi wa umri tofauti, mzazi mwenye muda mfupi, na mtoto apendaye mpangilio. Pia inamfaa mtoto asiyejua kutaja yanayomsumbua moyoni, maana njia hii humpa majina ya mambo, na aliye na jina la udhaifu wake anaweza kuuombea.

Njia ya pili: simulizi za Biblia kwa mfuatano

Katika njia hii hakuna sifa iliyotangazwa mbele. Mzazi husimulia Biblia kuanzia Mwanzo, simulizi moja au mbili kwa wiki, na tabia huonekana ndani ya watu: Yusufu anayewasamehe ndugu zake, Ruthu anayeokota masazo shambani kwa ajili ya mkwewe, Zakayo anayerudisha mara nne.

*Maandalizi na gharama.* Fedha hazihitajiki, lakini muda unahitajika sana. Kuisoma sura kwa sauti siyo kusimulia. Mzazi lazima aisome usiku uliotangulia, aimeze, kisha aifunge Biblia na kuieleza akimtazama mtoto machoni. Kwa wengi wetu tuliolelewa na bibi za hadithi, kipaji hicho kimelala tu.

*Umri.* Kuanzia miaka mitatu hadi kumi na sita, na ni njia pekee kati ya hizi tatu ambayo kila umri huchukua sehemu yake katika simulizi moja.

*Neno.* Hapa ndipo ilipo nguvu yake kubwa, maana mtoto hupokea sifa ikiwa bado ndani ya habari ya Mungu na watu wake, na watu hao wana makosa. Mtoto anayemjua Daudi wote wawili, wa jiwe na kombeo na wa dhambi dhidi ya Uria, hatashtuka sana siku atakapojigundua mwenyewe.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu, kwa kuwa unatuhusu sisi wa Zanzibar kuliko watu wa mahali pengi. Katika 2 Wafalme 5 yupo msichana mdogo asiyetajwa jina, aliyetekwa na jeshi la Shamu kutoka nchi ya Israeli na kufanywa mtumishi wa mke wa Naamani, jemadari wa jeshi hilo. Bwana wa nyumba ana ukoma. Msichana huyo, mwenye kila sababu ya kunyamaza, anasema laiti bwana wake angefika kwa nabii aliye Samaria. Simulizi hii sikuwasimulia watoto nyumbani. Tulipanda daladala mpaka mjini, tukaenda Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo, chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka uliofuata na ambaye amezikwa humo. Tuliangalia kwanza sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni, nje ya kanisa, kisha tukaingia tukakaa karibu na msalaba wa mti uliotoka Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa Livingstone. Hapo ndipo nikamsimulia msichana wa Naamani.

Mkubwa wangu, akiwa na miaka kumi, aliuliza swali ambalo sikulitayarisha: "Kwa hiyo alikuwa radhi kuwa mtumwa?" Nikamjibu kwamba Biblia haisemi hivyo, na asimruhusu mtu yeyote kumwambia hivyo. Utumwa ulikuwa dhuluma kwake kama ulivyokuwa dhuluma kwa waliouzwa hapa tulipokaa. Waliomteka waliuchukua mwili wake na kumtenga na mama yake, ila moyo wa kumtakia mtu mema hawakuweza kumnyang'anya, kwa sababu huo ulikuwa wa Mungu. Kisha nikawaeleza habari za Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasoma Kiungani hapa Unguja, na mwaka 1890 akapewa upadri. Sikutaja neno *fadhili* hata mara moja siku ile. Wiki mbili baadaye nilimsikia mkubwa akimwambia mdogo wake aliyekuwa amenuna, "Kumbuka yule msichana."

*Dalili.* Ni hiyo niliyoitaja: mtoto akiitumia simulizi bila kuambiwa. Lakini dalili hizi hazina ratiba, na mzazi anayetaka kuona kitu kila mwisho wa mwezi atakata tamaa. Kuna majaribu mengine pia, ya kumalizia kila simulizi kwa mahubiri. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alimkimbilia Naamani aliyekwisha kuponywa, akachukua talanta mbili za fedha na mavazi, akamdanganya Elisha kwamba hakwenda popote, akatoka na ukoma. Simulizi hiyo ikishasemwa imeshasema, na mzazi anyamaze, auachie ukimya ufanye kazi.

*Mtaa.* Baadhi ya simulizi majirani wanazijua kwa namna yao, kwa mfano ya Nabii Yusufu na ya Nabii Musa. Watoto watalinganisha, na mzazi awe tayari kueleza tofauti kwa heshima na bila kejeli.

*Inamfaa nani.* Mzazi mwenye subira na apendaye kusimulia, mtoto mwenye maswali mengi, na nyumba yenye wadogo wa miaka mitatu na vijana kwa pamoja. Mzazi ambaye kazi za mahotelini humhamisha zamu kila wiki ataona mfuatano unamkatikia.

Njia ya tatu: zamu za kazi na huduma

Baadhi ya wazazi huamini kwamba tabia hufundishwa na mikono. Wanagawa kazi za nyumba kwa zamu, wanaongeza huduma moja kwa jirani au kanisa, na mafundisho hutolewa palepale kazi inapofanyika. Msingi wao ni Kumbukumbu la Torati 6:7, inayomtaka mzazi ayanene maneno ya Mungu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo.

*Maandalizi na gharama.* Hakuna kitabu wala dawati. Kinachohitajika ni mzazi kuwepo, na kukubali kwamba vyombo vitaoshwa polepole na vibaya kwa miezi kadhaa.

*Umri.* Tangu miaka minne. Kwa kijana wa miaka kumi na tatu aliyechoka kuambiwa, mara nyingi ndiyo njia pekee inayobaki wazi.

*Neno.* Hapa ni dhaifu kuliko nyingine mbili. Kazi peke yake hutoa mtoto mchapakazi, na Neno lisiposemwa kwa makusudi huishia hapo. Pia nawasihi wazazi waangalie nani anafanya nini. Katika nyumba nyingi binti huosha na kufagia huku kaka yake akiwa uwanjani, na mtoto wa kiume hujifunza kwamba unyenyekevu ni sifa ya wanawake, ingawa aliyeosha miguu ya wanafunzi katika Yohana 13 ni Bwana mwenyewe. Kazi ikitumiwa kama adhabu nayo huharibika: aliyefagia ua kwa kuwa alikosea hataona huduma katika ufagio.

*Dalili.* Zinaonekana upesi. Ama amefanya bila kukumbushwa, ama hakufanya.

*Mtaa.* Katika kigezo hiki njia hii haina mshindani. Ramadhani hutuletea sahani ya futari kutoka nyumba ya pili, magimbi ya nazi au tambi, imefunikwa kwa kawa, na desturi ya hapa ni kwamba sahani hairudi tupu. Zamu ya kurudisha sahani ni ya mtoto. Tunakaa naye tufikirie: tutie nini ambacho bibi wa nyumba ya pili atakula bila shaka yoyote moyoni? Huchagua matunda, au mkate wa kumimina anaoujua bibi huyo tangu zamani. Mtoto huvaa vizuri, huibeba sahani kwa mikono miwili, hupiga hodi na kungoja.

"Karibu."

"Shikamoo, bibi. Mama kasema tunashukuru sana, na hii kaleta mkono wake."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie mama nimepokea."

Katika kufikiria nini kitamkalia vizuri mwenziwe, kabla ya kufikiria nini yeye angependa kutoa, mtoto amegusa upendo kwa namna ambayo daftari langu la mwezi halikuwahi kumgusisha.

*Inamfaa nani.* Mtoto asiyetulia kwenye mkeka, kijana, mzazi asiye na mazoea ya kusoma, na familia inayoishi ndani ya mtaa wenye watu wa kushirikiana nao.

Neno fupi kuhusu vitabu vya kuagiza

Vipo vitabu vya tabia za Kikristo vilivyotungwa Marekani na Uingereza kwa ajili ya darasa la nyumbani. Vingi hufuata njia ya kwanza, na baadhi vimepangwa vizuri. Lugha yake ni Kiingereza, mifano yake ni ya theluji na matufaha, na kuvisafirisha mpaka Unguja kunagharimu. Aliyenavyo avitumie kama msaidizi wa mpangilio, mifano aibadilishe.

Kuchagua kwa hali

Kama mtoto ana miaka mitatu hadi mitano, nisingeanza na sifa za mwezi. Simulizi fupi na kazi ndogo zinamtosha, kubeba vijiko au kukunja mkeka. Sifa za mwezi zitamkuta akiwa na miaka sita.

Kama wazazi wote wawili wanafanya kazi na mtoto hubaki na dada wa nyumbani au shangazi, njia ya kwanza ndiyo inayoweza kushikwa na mikono mingi, kwa kuwa mstari na swali la wiki vinaandikwa na kuachwa mezani. Mlezi ashirikishwe, na aulizwe maoni yake.

Kama mtoto anasema uongo mara kwa mara, acheni zawadi na nyota zote kwa muda, muende kwenye simulizi za Gehazi, Petro na Zakayo, na muanze kukiri makosa yenu wazazi mbele yake.

Kama mtoto ni Mkristo peke yake mtaani na ameanza kuona haya, mpeni simulizi za walioishi ugenini, Danieli na msichana wa Naamani, pamoja na huduma kwa jirani. Zote mbili humwonyesha kwamba imani yake haimtengi na watu.

Kama ni kijana anayejiandaa kwa kipaimara, mafundisho ya kanisa tayari yanampa mistari na maelezo, kwa hiyo nyumbani mpeni zamu yenye uzito, kwa mfano kuhesabu fedha za sokoni na kurudisha chenji yote.

Na kwa familia chache za Kikristo zilizoko Pemba, msimu wa karafuu hauhitaji kusimamisha darasa. Jioni, wakati wa kuchambua karafuu na kuzitenga na makonyo, yaani vikonyo vyake, mikono ina kazi na masikio yako huru, na simulizi ya Ruthu shambani mwa Boazi hueleweka mara moja kwa mtoto aliyeshinda chini ya mkarafuu. Karafuu zinapoanikwa, zamu ya kuangalia mvua iwe yake. Na zinapotiwa kwenye gunia, mwacheni yeye ayatoe makonyo yaliyosalia, ninyi mkiwa mmegeukia upande mwingine, kisha mwende naye mpaka kwenye mizani.